Bima ya serikali kwenye mikopo ya nyumba Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya Waswahili wanaotafuta nyumba ya kununua Marekani, na kwa yeyote anayetaka kujua nchi ile iliwafikishaje watu wa mishahara ya kawaida kwenye nyumba zao wenyewe, na ni nani iliowaacha nje. Maswali ni yale yanayojirudia kila jina la FHA linapotajwa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni zito.

FHA ni nini? Inakopesha?

Haikopeshi. Mamlaka ya Makazi ya Shirikisho, ambayo kila mtu anaiita FHA, ni chombo cha serikali kuu kinachowekea bima mikopo ya nyumba inayotolewa na benki na kampuni binafsi. Unakwenda kwa mkopeshaji, anakupima kwa masharti ya FHA, kisha anakupa fedha zake mwenyewe. Ukishindwa kulipa na nyumba ikachukuliwa, FHA inamfidia mkopeshaji hasara aliyoipata.

Kwa hiyo bima inamlinda nani hasa?

Mkopeshaji. Wapo wengi wanaolipa ada ya bima mwezi baada ya mwezi wakiamini kwamba siku wakipoteza kazi kuna mtu atawalipia marejesho. Hayupo. Mkopaji ndiye anayelipa ada, na benki ndiyo inayokingwa.

Faida ya mkopaji inakuja kwa mlango wa nyuma. Benki iliyokingwa dhidi ya hasara inakubali malipo madogo ya awali, muda mrefu wa kulipa na riba nafuu, mambo ambayo isingeyakubali kwa mtu yule yule bila bima. Lakini hapo hapo ndipo ilipo nguvu ambayo wengi hawaioni. Anayeamua ni mkopo gani unastahili bima ndiye anayeamua nani apate nyumba, na mtaa gani. Karibu historia yote inayofuata hapa chini imetokana na uamuzi huo.

Kabla ya bima hii, mtu wa kawaida alinunuaje nyumba?

Kwa shida. Miaka ya 1920 mkopo wa nyumba Marekani ulikuwa wa muda mfupi, mara nyingi miaka mitatu hadi kumi, na benki nyingi zilitaka mnunuzi atoe mwenyewe karibu nusu ya bei. Katika mikopo mingi mkopaji alilipa riba tu kwa miaka yote hiyo, deni lenyewe likabaki pale pale hadi siku ya mwisho, ndipo alipotakiwa kulilipa lote kwa mkupuo. Hakuna aliyekuwa na fedha hizo. Kilichotegemewa ni kwamba benki ingemwandikia mkopo mwingine. Na kwa kuwa nusu ya bei ni nyingi, watu walichukua rehani ya pili na hata ya tatu juu ya nyumba hiyo hiyo, kwa riba kali zaidi.

Mpango huo ulisimama kwa muda wote ambao benki zilikuwa na fedha na bei za nyumba zikipanda. Mdororo Mkuu wa Uchumi ulipoanza mwaka 1929, vyote viwili vilikoma. Benki zikafungwa kwa maelfu, zilizobaki zikakataa kuandika mikopo upya, na watu waliokuwa wanalipa vizuri tu wakajikuta wanadaiwa deni zima kwa siku moja. Kufikia mwaka 1933 nyumba zipatazo 1,000 zilikuwa zinachukuliwa na wadai kila siku.

Serikali ilifanya nini?

Rais Herbert Hoover alianza mwaka 1932 kwa kuunda benki za kuzipatia fedha taasisi za mikopo ya nyumba, lakini msaada huo haukumfikia mwenye nyumba aliyekwisha kukwama. Aliyemfuata, Franklin D. Roosevelt, alianzisha mwaka 1933 shirika la HOLC, lililonunua rehani zilizoshindikana kutoka kwa benki na kuwaandikia wenye nyumba mkopo mpya wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 5, unaolipwa kidogo kidogo, riba pamoja na deni lenyewe. Ndani ya takriban miaka mitatu lilikuwa limeokoa kwa njia hiyo rehani zipatazo milioni moja. Si wote waliopona: shirika hilo lenyewe lilikuja kuchukua nyumba karibu 200,000. Hata hivyo, kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi bora kabisa ambazo serikali yoyote imewahi kuwafanyia wenye nyumba wake.

FHA ilikuja mwaka uliofuata, kwa Sheria ya Taifa ya Makazi iliyosainiwa tarehe 27 Juni 1934. Lengo lake lilikuwa tofauti. Roosevelt hakutaka serikali iendelee kukopesha. Alitaka fedha za watu binafsi zirudi kwenye ujenzi, kwa kuwa mafundi ujenzi walikuwa miongoni mwa walioumizwa zaidi na ukosefu wa kazi. Ndiyo maana ni kosa kuitazama FHA kama mradi wa kuwasaidia maskini. Ilizaliwa kama mpango wa ajira na wa kuziamsha benki, na maofisa wake wa mwanzo walifikiri kama watu wa benki.

Bima ilibadili nini kwenye mkopo wenyewe?

Karibu kila kitu. Sheria ya 1934 iliruhusu mkopo wa hadi asilimia 80 ya thamani ya nyumba kwa miaka 20. Marekebisho ya 1938 yakaenda mbali zaidi: kwa nyumba mpya za bei ndogo, zisizozidi dola 6,000, mkopo uliweza kufika asilimia 90 kwa miaka 25. Chukua nyumba ya dola 6,000. Kwa desturi ya zamani mnunuzi angetakiwa kuja na dola 3,000 mkononi, kisha aishi kwa hofu ya tarehe ya mwisho. Sasa alihitaji dola 600, na marejesho ya kila mwezi yalikuwa yale yale hadi deni linaisha.

Ni mkopo huo, wenye malipo yasiyobadilika na unaojimaliza wenyewe, ambao Wamarekani leo wanauona kama jambo la asili. Muda wa miaka 30 ulienea baada ya vita. FHA pia iliweka vipimo vya ujenzi: ilikagua msingi, paa, mabomba na ukubwa wa vyumba kabla ya kukubali kuweka bima, kwa hiyo nyumba ya bei rahisi ikawa na kiwango ambacho mnunuzi asiye fundi aliweza kukiamini.

Mwaka 1940 familia 44 hivi kati ya kila 100 zilikuwa zinaishi katika nyumba zao wenyewe. Mwaka 1960 zilikuwa karibu 62. Mishahara mizuri ya baada ya vita ilichangia sana, lakini bila mkopo wa aina hii ongezeko hilo lisingewezekana.

Fedha za kulipa hasara zinatoka wapi? Ni kodi?

Zinatoka kwa wakopaji. Ada zao zinaingia kwenye mfuko mmoja wa bima, na hasara zinalipwa humo. Mfuko huo ulijiendesha kwa karibu miaka 80 kabla ya kuhitaji hazina ya taifa. Mara ya kwanza ilikuwa Septemba 2013, ilipochukua dola bilioni 1.7, baada ya hasara za mikopo iliyotolewa karibu na msukosuko wa 2008.

Na Fannie Mae na Ginnie Mae wanaingiaje?

Bima peke yake haitoshi ikiwa benki imemaliza fedha za kukopesha. Fannie Mae iliundwa mwaka 1938 ili inunue mikopo yenye bima ya FHA kutoka kwa wakopeshaji. Wakipata fedha zao, wanakopesha tena. Mwaka 1968 iligawanywa: Fannie Mae ikawa ya wanahisa binafsi, na Ginnie Mae ikabaki serikalini. Mwaka 1970 Ginnie Mae ikadhamini hati fungani za kwanza zilizoegemea marejesho ya mikopo ya nyumba, na tangu hapo mwekezaji aliye Tokyo au Dubai anaweza kuwa ndiye anayefadhili nyumba ya dereva wa lori huko Ohio.

Ni kweli kwamba FHA iliwabagua watu weusi?

Ni kweli, na ilifanya hivyo kwa maandishi. Miongozo ya FHA ya miaka ya 1930 iliwaelekeza wakadiriaji wapunguze alama za mtaa ambao watu wa rangi tofauti walikuwa wameingia au wangeweza kuingia. Iliwashauri wajenzi waweke kwenye hati za viwanja masharti ya kukataza kuuzia au kupangisha watu wasio weupe. Ilisifu barabara kuu au vizuizi vingine vinavyotenganisha mitaa, kwa hoja kwamba vinalinda thamani. Hoja nzima ilikuwa kwamba mtaa mchanganyiko ni hatari kwa mkopo, na bima haiwekwi kwenye hatari.

Mfano unaoonekana kwa macho hadi leo uko Detroit. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba za watu weupe karibu na mtaa wa watu weusi, eneo la Eight Mile. FHA ilikataa kuwekea bima mikopo ya nyumba hizo kwa sababu ya majirani. Mjenzi akajenga ukuta wa zege wenye kimo cha futi sita hivi na urefu wa karibu nusu maili, ukakata kati ya mitaa hiyo miwili. Bima ikapatikana. Ukuta bado umesimama, na sehemu yake imechorwa michoro ya rangi na wakazi.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vinaelekea mwisho, sheria ya Juni 1944 iliwapa askari wanaorudi dhamana ya mkopo wa nyumba kupitia idara ya maveterani, wengi wao bila malipo yoyote ya awali. Kwenye karatasi askari mweusi alikuwa na haki ile ile. Lakini dhamana ya serikali ilihitaji kwanza benki ikubali kukopesha, na benki za Kusini hazikukubali. Uchunguzi uliofanyika Mississippi mwaka 1947 ulikuta kwamba kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa na idara hiyo kwa ajili ya nyumba, biashara na mashamba, miwili tu ilikwenda kwa maveterani weusi. Watu waliovuka bahari kupigana walirudi nyumbani wakaambiwa wapange.

Huko New York, mradi mkubwa wa Levittown ulioanza mwaka 1947 ulijengwa kwa kutegemea uhakikisho wa FHA na idara ya maveterani, na mikataba yake ilikataza wakazi wasio weupe. Nyumba zilizouzwa huko kwa dola elfu chache ziliwasomeshea watu watoto, zikawaanzishia biashara, zikawa urithi. Aliyefungiwa nje mwaka 1950 hakukosa nyumba tu. Alikosa kile ambacho wajukuu wake wangekiuza mwaka 2000.

Waliokataliwa walikwenda wapi?

Wengi walipanga. Wengine, hasa Chicago, walinunua kwa mkataba wa mkononi: mlanguzi ananunua nyumba kwa bei ndogo, anamuuzia mtu mweusi kwa bei ya juu sana, na hati inabaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Ukikosa mwezi mmoja unafukuzwa na yote uliyolipa yanapotea, kisha nyumba inauzwa kwa mwingine. Mwaka 1968 wakazi wa North Lawndale waliungana, wakaanza kugoma kulipa na kudai mikataba yao ijadiliwe upya, na mamia ya familia zilifanikiwa kupunguziwa.

Zile ramani zenye mitaa nyekundu zilichorwa na FHA?

Zinazosambaa sana mtandaoni zilichorwa na HOLC kati ya 1935 na 1940, zaidi ya miji 200, rangi nne: kijani kwa mitaa “bora”, kisha buluu, manjano, na nyekundu kwa ile iliyoitwa hatari. Watafiti wa historia na uchumi wameonyesha kwamba HOLC ilikuwa imekwisha kutoa sehemu kubwa ya mikopo yake kabla ramani hazijakamilika, na ilikopesha hata kwenye mitaa iliyokuja kupakwa nyekundu. FHA ilikuwa na vipimo vyake yenyewe tangu mwanzo, na ndivyo vilivyofunga milango. Ninalisisitiza hili kwa sababu lawama ikiwekwa kwenye ramani, miongozo ya FHA inasahaulika.

Ubaguzi huo uliisha lini?

Kwa sheria, hatua kwa hatua. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya rangi yaliyomo kwenye hati. FHA ilisubiri hadi Februari 1950 ndipo ikaacha kuwekea bima nyumba zenye masharti mapya ya aina hiyo. Novemba 1962 Rais John F. Kennedy alitoa amri ya kupiga marufuku ubaguzi katika nyumba zinazopata msaada wa serikali kuu. Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, ikasainiwa sheria ya haki katika makazi, iliyohusu pia wauzaji na benki.

Kwa vitendo, mlango ulipofunguliwa walikuwepo watu waliokuwa wakiusubiri kwa nia mbaya. Mpango mpya wa 1968 uliwawezesha watu wa kipato kidogo kununua kwa malipo ya awali ya dola 200 tu, na serikali ikibeba sehemu kubwa ya riba. Walanguzi wakanunua nyumba mbovu katikati ya miji, wakazipaka rangi, wakawahonga wakadiriaji wapandishe thamani, wakawauzia akina mama weusi wenye watoto. Boila likapasuka, paa likavuja, mnunuzi akashindwa kulipa, FHA ikamfidia mkopeshaji, na mama akatolewa nje. Detroit iliathirika vibaya mno. Maelfu ya nyumba zikaishia mikononi mwa serikali na kubaki tupu. Maofisa na wafanyabiashara kadhaa walitiwa hatiani. Januari 1973 Rais Richard Nixon alisimamisha mipango hiyo ya ruzuku, na lawama nyingi zikaelekezwa kwa wanunuzi. Mkopeshaji aliyelipwa kamili hakuwa na sababu ya kuuliza kama nyumba inafaa kuishi.

Mwaka 1970 karibu asilimia 42 ya familia za Wamarekani weusi zilimiliki nyumba, dhidi ya asilimia 65 hivi za weupe. Leo ni karibu 45 dhidi ya 74 hivi. Pengo limepanuka.

FHA ndiyo iliyosababisha msukosuko wa 2008?

Hapana. Mikopo mibovu ya miaka hiyo ilitolewa zaidi na kampuni binafsi na kuuzwa Wall Street, wala haikuwa na bima ya FHA. Katika kilele cha wazimu ule FHA ilikuwa imebaki na sehemu ndogo sana ya soko, kwa kuwa ilidai nyaraka za kipato ambazo wengine hawakuzidai. Soko lilipoanguka, wakopeshaji binafsi wakakimbia na FHA ikabeba karibu theluthi ya mikopo ya ununuzi. Iliumia, kama nilivyoeleza hapo juu, lakini bila yake watu wangeshindwa kabisa kuuziana nyumba.

Leo masharti yakoje?

Malipo ya awali ni asilimia 3.5 kwa mwenye alama za mkopo (namba inayoonyesha umelipaje madeni yako) 580 au zaidi; aliye kati ya 500 na 579 anatakiwa asilimia 10. Mkopeshaji anaweza kuweka masharti makali kuliko hayo. Ada ya bima ni za aina mbili: asilimia 1.75 ya mkopo mwanzoni, ambayo wengi huiongeza kwenye deni, na ada ya kila mwaka inayogawanywa kwa miezi. Tangu Machi 2023 ada hiyo ya mwaka kwa wanunuzi wengi ni asilimia 0.55.

Kwa nyumba ya dola 300,000 utatoa dola 10,500, utakopa 289,500, ada ya mwanzo itakuwa takriban dola 5,066, na ada ya kila mwezi takriban dola 133 katika mwaka wa kwanza. Ukitoa chini ya asilimia 10 mwanzoni, ada ya mwezi itakufuata muda wote wa mkopo. Ukitoa asilimia 10 au zaidi, inakoma baada ya miaka 11. Njia wanayotumia wengi kuiondoa ni kuchukua mkopo mwingine wa kawaida baada ya thamani ya nyumba kupanda, na hilo lina maana tu ikiwa riba ya siku hiyo ni nzuri.

Mimi si raia. Ninaruhusiwa?

Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Wenye viza za kazi na hadhi nyingine za muda waliruhusiwa pia hadi Mei 2025, FHA ilipowaondoa. Kama una vibali vya muda, usikubali wakala akuambie kwamba “kila mtu anapata FHA”. Uliza mikopo isiyo ya FHA.

Tanzania na Kenya zina bima kama hii?

Tulichonacho kinafanana zaidi na Fannie Mae ya mwanzo. Tanzania iliunda TMRC mwaka 2010 na Kenya ikaunda KMRC mwaka 2018. Zote zinazipatia benki fedha za muda mrefu ili ziweze kukopesha kwa miaka mingi. Hazimfidii mkopeshaji mkopaji akishindwa. Kenya nzima ina mikopo ya rehani takriban 30,000, na vikwazo vikubwa vinajulikana: riba, bei ya nyumba ikilinganishwa na mshahara, na hati miliki zisizokamilika. Bima peke yake haiwezi kuondoa hata kimoja. Na siku tukiamua kuianzisha, wa kwanza kuhojiwa wawe wanaoandika vipimo vya nani anastahili, kwa sababu fundi asiye na hati ya mshahara na mama lishe asiye na akaunti ya benki wanaweza kufutwa kwa sentensi moja ya mwongozo.

Nimenunua nyumba ya zamani na hati yake ina sharti la kukataza watu weusi. Je, lina nguvu?

Halina. Halitekelezeki mahakamani tangu 1948, na ni kinyume cha sheria tangu 1968. Linabaki kwenye kumbukumbu kwa sababu hati za ardhi huwa hazifutwi. Majimbo kadhaa sasa yana utaratibu wa kulikana rasmi. Minnesota, wanakoishi watu wengi wa Afrika Mashariki, iliruhusu hilo mwaka 2019: mwenye nyumba anajaza fomu na kuisajili katika ofisi ya hati ya kaunti yake. Sharti la zamani halichanwi, bali inaongezwa hati mpya inayolibatilisha. Chuo Kikuu cha Minnesota kina mradi ambao umechora ramani ya maelfu ya masharti hayo katika Minneapolis na maeneo jirani, na unaweza kutafuta humo mtaa wako kabla hujakwenda ofisini.